Jim Reeves: mwimbaji wa mahaba aliyezipa sauti nyimbo za dini

Ubishi huu si mgeni katika baraza zetu za mwambao. Mwimbaji aliyepata jina kwa nyimbo za mahaba, ambaye harusi haikunoga bila yeye, siku moja anasikika akisoma kasida. Hapo wasikilizaji hugawanyika. Wako wasemao kwamba Mola amemuongoa, na wako wasemao kwamba amebadilisha soko tu, bidhaa ni ile ile. Kahawa huisha katika dele na neno halijakatika.

Makala yetu ya leo yanamhusu mtu wa mbali, asiye wa dini yetu wala wa lugha yetu, lakini maisha yake yaweza kutusaidia kuupima ubishi huo. Naye ni marehemu Jim Reeves, mwimbaji wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1964. Alijulikana kwa muziki uitwao kantri, yaani nyimbo za watu wa mashamba wa kusini mwa Marekani, zinazopigwa kwa gitaa na fidla, na kueleza mapenzi, safari, ulevi, umaskini na kufiwa. Katika miaka yake ya mwisho aliziimba pia nyimbo za dini ya Kikristo, na nyimbo hizo ndizo zilizomfikisha mahali ambapo nyimbo za mapenzi peke yake zisingemfikisha.

Mtu wa Mombasa, Malindi au Lamu aliyepata kuhamishiwa kazi upande wa Kitale au Bungoma hana haja ya kuelezwa jina hilo. Kachibora, kwa mfano, ni mji mdogo wa Trans Nzoia, mashariki ya Kitale, katika nchi ya mahindi iliyo chini ya milima ya Cherang'any. Huko, na katika miji mingi ya bara inayofanana nao, sauti ya Jim Reeves imezoeleka kama sauti ya jamaa. Jumamosi usiku husikika mahali pa ulevi. Jumapili asubuhi husikika nyumbani, mama akiwavisha watoto kwenda kanisani. Na kukiwa na msiba, husikika matangani. Mahali patatu hapo havipatani kabisa, na hakuna mwimbaji wa kwetu ambaye angekaribishwa pote kwa sauti moja bila ya watu kunong'ona. Ilikuwaje basi kwa huyu?

MTOTO WA MJANE

James Travis Reeves alizaliwa tarehe 20 Agosti 1923 katika kitongoji cha Galloway, wilaya ya Panola, mashariki mwa jimbo la Texas. Alikuwa kitindamimba katika nyumba yenye watoto wengi. Baba yake alifariki mtoto hajatimiza hata mwaka mmoja, na mama yake, Bi Beulah, akabaki na jembe mkononi na watoto mgongoni. Nchi ile ilikuwa ya wakulima wadogo, na utoto wa Jim uliangukia katika miaka ya dhiki kuu ya uchumi iliyoanza mwaka 1929, ambapo hata mwenye shamba hakuwa na hakika ya chakula cha kesho.

Angali mdogo alipata gitaa kuukuu, akajifunza kulipiga kwa kusikiliza santuri. Aliyempenda kuliko wote alikuwa Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli aliyegeuka mwimbaji na kuitwa baba wa muziki wa kantri, ambaye alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1933.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu jina la Jimmie Rodgers lilikwisha kufika Kenya zamani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji mashuhuri wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, akarekodi wasichana wakiimba wimbo wa Chemirocha. Chemirocha huyo ni Jimmie Rodgers mwenyewe, jina lake likiwa limepita katika ulimi wa Kikipsigis. Wenyeji walikuwa wameisikia sauti yake katika gramafoni, na kwa kuwa hawakumwona mwenye sauti, wakamfanya kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu mnyama. Kwa hiyo Bonde la Ufa lilimjua mwalimu kabla ya kumjua mwanafunzi.

Jim mwenyewe hakutazamia kuwa mwimbaji. Alikuwa kijana mrefu mwenye nguvu, na tamaa yake ilikuwa mchezo wa besiboli, ambao kwa Wamarekani ni kama kandanda kwetu. Mchezo huo ulimpatia nafasi katika Chuo Kikuu cha Texas, lakini hakukaa sana; aliondoka akaenda kufanya kazi katika viwanda vya meli vya Houston, kwani ulikuwa wakati wa vita. Baadaye aliandikishwa katika timu za chini za klabu ya St. Louis Cardinals, akawa mrushaji mpira. Mwaka 1947 aliumia mshipa wa mguu, na mchezo ukamwisha. Mwaka huo huo alimwoa Mary White. Hawakujaaliwa mtoto.

Riziki ikamfungulia mlango mwingine. Alipata kazi ya utangazaji wa redio, kwanza katika mji wa Henderson, Texas, na baadaye katika kituo cha KWKH huko Shreveport, Louisiana, kilichokuwa na onyesho kubwa la muziki kila Jumamosi. Kazi hiyo yafaa kukumbukwa, kwa sababu mtangazaji hujifunza jambo ambalo mwimbaji wa jukwaani hana haja nalo. Hujifunza kwamba anayemsikiliza si kundi la watu, bali ni mtu mmoja aliyeketi karibu na redio yake, na mtu mmoja hapigiwi kelele.

KUISHUSHA SAUTI

Wimbo wake wa kwanza kupata sifa kubwa, "Mexican Joe", ulitoka mwaka 1953, ukafuatiwa na "Bimbo". Zilikuwa nyimbo za haraka na za mzaha, na mwimbaji alizitoa kwa sauti ya juu kama walivyofanya wenzake wote. Muziki wa kantri ulilelewa katika kumbi za ngoma zisizo na vipaza sauti vya maana, na mtu asiyepiga kelele hakusikika. Mwaka 1955 Jim alijiunga na kampuni kubwa ya santuri ya RCA Victor, na mwaka huo huo akaingizwa katika Grand Ole Opry, onyesho la redio la Nashville ambalo kwa waimbaji wa kantri ni kama kilele cha mlima.

Badiliko lililofanya watu wamkumbuke hadi leo lilikuja mwaka 1957, katika wimbo "Four Walls". Wimbo wenyewe ni maneno ya mtu aliyeachwa peke yake chumbani. Jim aliona kwamba maneno ya upweke hayasemwi kwa kelele. Akaisogelea maikrofoni hata midomo ikakaribia kuigusa, akaishusha sauti mpaka chini kabisa, akaimba kama azungumzaye na mtu aliye kando yake. Chet Atkins, bingwa wa gitaa aliyekuwa akisimamia kazi hizo, alikuwa na fikira kama hizo. Fidla na lile gitaa la chuma lenye kulia viliwekwa kando. Badala yake vikaja kinanda kilichopigwa taratibu na waitikiaji wa sauti laini. Ikawa ndiyo namna mpya ya muziki wa Nashville, na wengi wakaifuata.

Sasa msomaji atazame tarehe. Santuri ile ilitoka mwaka 1957. Mwaka 1958, yaani mwaka mmoja tu baadaye, Jim Reeves alitoa santuri kubwa ya nyimbo za dini, "God Be with You". Hakuingoja uzee, wala maradhi, wala kuchokwa na mashabiki. Alikuwa na miaka 35 na jina lake likipanda. Mara tu alipoigundua sauti ya chini, jambo la pili alilolifanya kwa sauti hiyo lilikuwa kumwomba Mungu.

TOBA YA WENGINE

Ili tulifahamu jambo hili, yatupasa kujua kwamba kusini mwa Marekani nyumba ya ibada na ukumbi wa ngoma havikuwa mbali sana. Karibu kila mwimbaji wa kantri alijifunza kuimba kanisani, ubavuni mwa mama yake. Hank Williams, aliyefariki siku ya mwaka mpya 1953 akiwa na miaka 29 na habari za ulevi wake zikijulikana kila mahali, alitunga nyimbo za dini ambazo makanisa huziimba hadi sasa. Watu wa kule walizoea kuwa Jumamosi usiku ina nyimbo zake na Jumapili asubuhi ina zake, na mwimbaji ni yule yule.

Lakini wako pia walioukata uzi kabisa. Mfano mkubwa ni Stuart Hamblen, mwimbaji wa nyimbo za wachunga ng'ombe na mtangazaji wa redio huko Los Angeles, mtu wa pombe, kamari na farasi wa mashindano. Mwaka 1949 alihudhuria mahubiri ya Billy Graham yaliyofanywa chini ya hema katika mji huo, akatubu. Toba yake haikuwa ya maneno matupu, kwani alipotakiwa kusoma tangazo la bia katika kipindi chake alikataa, na kazi ikamponyoka. Mwaka 1952 aligombea hata urais wa Marekani kwa tiketi ya chama kidogo kilichotaka pombe ipigwe marufuku, na bila shaka hakufika mbali. Baada ya kutubu alitunga "It Is No Secret", na wimbo huo ndio mmoja katika zile alizoziimba Jim Reeves mwaka 1958.

Basi Jim aliuimba wimbo wa mtu aliyetubu, lakini yeye hakufuata njia ile. Mwaka uliofuata, Oktoba 1959, aliingia studio akarekodi "He'll Have to Go", na huo ndio wimbo uliolipeleka jina lake dunia nzima. Mwaka 1960 ulikaa juu ya orodha ya nyimbo za kantri za Marekani kwa majuma 14, na katika orodha ya nyimbo za kila aina ukashika nafasi ya pili. Habari yake si ya kanisani hata kidogo. Mtu yuko mahali pa ulevi, anazungumza kwa simu na mwanamke ambaye yuko na mwanamume mwingine, na anamtaka achague. Sauti ni ile ile ya chini iliyotumika kusali mwaka uliopita.

Mwaka 1962 akarudi tena katika nyimbo za dini kwa santuri ya "We Thank Thee", na mwaka 1963 akatoa nyimbo za Krismasi. Katikati ya hizo aliendelea kurekodi za mapenzi, na hakuacha hata mwaka wa kufa kwake. Kwa hiyo anayesema kwamba Jim Reeves aliacha nyimbo za dunia akashika za dini hasemi kweli. Alizipanua nyimbo zake zikaingia dini, wala hakutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Sisi wa mwambao tunaye wa kumfananisha naye. Umm Kulthum wa Misri alianza utotoni akiimba nyimbo za dini pamoja na baba yake katika vijiji vya Delta, akivishwa nguo za kiume ili watu wasiudhike. Baadaye Cairo ilimjua kwa nyimbo za mahaba, na ndizo hizo zilizoingia katika nyumba zetu kwa santuri na redio. Lakini mwaka 1946 aliimba "Nahj al-Burda", sifa za Mtume alizozitunga mshairi Ahmed Shawqi na kutiwa muziki na Riad al-Sunbati, na wasikilizaji hawakuziba masikio kwa kuwa juzi walimsikia akilia kwa mpenzi. Walijua kwamba shingo ile ile ndiyo iliyofunzwa kutamka Kurani. Alikuwa amerudi nyumbani kwa ziara, na nyumba ilikuwa yake. Kwa Jim Reeves pia, aliyekulia katika nchi ambapo watu hujifunza kuimba ubavuni mwa mama zao, nyimbo za dini hazikuwa ugenini.

WIMBO WA MTU MWEUSI

Tungeishia hapo hadithi ingekuwa nyepesi. Lakini katika nyimbo za dini alizoziimba Jim Reeves uko mmoja uitwao "Take My Hand, Precious Lord", na wimbo huo una historia yake.

Mtungaji wake ni Thomas Dorsey, mtu mweusi, mwana wa mhubiri, aliyezaliwa Georgia mwaka 1899. Katika ujana wake Dorsey alikuwa mpiga kinanda wa muziki wa bluzi huko Chicago, akifuatana na mwimbaji Ma Rainey, na nyimbo zake nyingine zilikuwa za utovu wa haya. Mwaka 1932 alisafiri kwenda St. Louis kwa shughuli za kanisa akamwacha mkewe Nettie mjamzito. Akiwa huko alipata habari kwamba mke amefariki katika uzazi. Aliporudi, mtoto naye akafa. Katika majonzi hayo Dorsey alitunga maombi ya mtu aliyechoka, anayemtaka Mola amshike mkono amvushe. Bluzi akaiacha, akaishi katika nyimbo za dini mpaka alipofariki mwaka 1993. Dr. Martin Luther King aliupenda sana wimbo huo, na Mahalia Jackson aliuimba katika mazishi yake mwaka 1968.

Jim Reeves alikuwa Mzungu wa Texas, na katika Texas ya utoto wake mtu mweusi hakuketi naye darasa moja wala kanisa moja. Hata hivyo aliyapokea majonzi ya mtu mweusi akayaimba kwa heshima, bila ya kuyapamba. Lakini mwaka 1962, mwaka ule ule wa santuri ya "We Thank Thee", alisafiri kwenda Afrika Kusini pamoja na Chet Atkins na mpiga kinanda Floyd Cramer. Alipokewa kwa shangwe kubwa. Mwaka 1963 alirudi kuigiza katika filamu iitwayo "Kimberley Jim", na akajifunza maneno ya Kiafrikaans ili awaimbie wenyeji wake kwa lugha yao. Nchi hiyo wakati ule ilikuwa chini ya sheria za ubaguzi wa rangi. Nelson Mandela alikamatwa Agosti 1962, na Waafrika walipangiwa kwa sheria mahali pa kukaa, pa kupita na pa kustarehe. Huku kwetu ilikuwa miezi michache kabla ya bendera ya Kenya kupandishwa tarehe 12 Desemba 1963.

Wako watakaomtetea kwamba alikuwa mwimbaji, si mwanasiasa, na kwamba waimbaji wengi wa zama zake walikwenda huko. Hayo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba aliyeimba maombi ya Dorsey alikuwa mgeni mheshimiwa wa serikali ambayo isingemruhusu Dorsey kuketi pamoja na Wazungu waliokuja kumsikiliza. Mwandishi wa maisha ya mtu hana ruhusa ya kulificha hilo kwa sababu sauti ilikuwa tamu. Wimbo wa dini haumtakasi mwimbaji kwa kuuimba tu, kama vile kasida haimtakasi msomaji anayemdhulumu jirani yake.

MVUA YA BRENTWOOD

Ajali ilimkuta akiwa katika upeo wa sifa. Tarehe 31 Julai 1964 alikuwa akirejea Nashville kutoka Batesville, Arkansas, ambako alikwenda kutazama mambo ya ardhi. Alikuwa akiendesha mwenyewe ndege ndogo ya injini moja, na pamoja naye alikuwamo Dean Manuel, mpiga kinanda wa bendi yake. Karibu na Brentwood, jirani na Nashville, waliingia katika mvua kubwa ya radi, na ndege ikapotea. Mamia ya watu, wakiwamo waimbaji wenzake, waliingia msituni kuitafuta. Mabaki yalionekana tarehe 2 Agosti, na wote wawili walikuwa wamekufa. Zilibaki wiki tatu kasoro siku chache Jim atimize miaka 41. Alizikwa karibu na Carthage, katika wilaya ile ile aliyozaliwa.

Kifo hakikumnyamazisha. Mjane wake Mary alikuwa na kanda nyingi ambazo hazijatolewa, nyingine zikiwa za majaribio tu. Mafundi wakaichukua sauti ya marehemu wakaitilia ala mpya. Mwaka 1966 wimbo wake "Distant Drums" ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa majuma matano, na mwimbaji ana miaka miwili kaburini. Mwaka 1967 aliingizwa katika nyumba ya kumbukumbu ya mashujaa wa muziki wa kantri. Kwa miaka mingi santuri mpya ziliendelea kutoka na kusambaa hadi India, Sri Lanka, Nigeria na huku Afrika Mashariki.

KITALE NA BUNGOMA ZAMPOKEA

Turudi sasa Trans Nzoia. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na nchi ile ikawa ya masetla wa Kizungu. Jirani zao wa Uasin Gishu walikuwamo Makaburu waliohamia huko tangu mwaka 1908. Wazungu hao walikuwa na gramafoni zao na klabu zao, na mtumishi aliyepita na sinia alisikia. Baada ya uhuru mashamba mengi yaligawanywa au kununuliwa na Waafrika, wakaja watu wa kila upande, Wabukusu, Wakalenjin, Wakikuyu na wengineo, na redio zikaingia kila nyumba. Sauti ya Jim Reeves ilifika kwa njia hizo, ikiwa ya mtu ambaye tayari ni marehemu.

Ilikuta udongo uliokwisha limwa. Wamisionari wa Kiquaker walifika Kaimosi mwaka 1902, na kazi yao ikaenea hadi Bungoma. Jeshi la Wokovu nalo likapata wafuasi wengi huko. Nyimbo nyingi za dini alizoziimba Jim ni za jamii ile ile ambayo wazee wa Bungoma waliimba kanisani tangu utoto. Tena Wabukusu wana litungu lao, chombo cha nyuzi ambacho mwimbaji hukipiga huku akitoa nasaha na kuwataja waliotangulia. Na anapofariki mzee mheshimiwa, baada ya mazishi huja msemaji wa kumuse, akawahutubia wafiwa juu ya asili yao na namna ya kuishi. Watu waliozoea nyuzi, nasaha na sauti ya mtu mmoja mbele ya msiba hawakuhitaji kufunzwa namna ya kumsikiliza mgeni huyu. Hata asiyejua Kiingereza alifahamu kwamba huyu hapigi kelele, na kwamba asemalo ni zito.

Hapo ndipo inapoonekana kazi iliyofanywa na nyimbo za dini. Kama angeimba za mapenzi peke yake, Jim Reeves angebaki mahali pa ulevi, kama walivyobaki wengine wengi wa zama zake ambao leo majina yao yamesahauliwa. Zile za dini ndizo zilizomtoa huko zikamwingiza nyumbani kwa wazee na katika matanga. Na alipokwisha kuingia huko, hata zile za mapenzi zikapata heshima, kwa sababu sauti ilikwisha julikana kuwa ni sauti iliyosimama mbele ya wafu. Watu wa Kachibora hawakuuliza kama alitubu au hakutubu. Walichagua wenyewe wimbo gani wa Jumamosi na wimbo gani wa msiba, na katika kuchagua huko wakafanya wao lile ambalo yeye hakulifanya, yaani kuzitenga pande mbili.

Sisi Waislamu hatuwezi kuyakubali yote yaliyomo katika nyimbo zile, kwani zina itikadi ambayo si yetu. Lakini fikira iliyo nyuma yake, kwamba dunia ni mapito na kwamba mja mwishowe hana mkono wa kushika ila wa Mola wake, haihitaji mkalimani baina ya Kitale na Mombasa. Mpwani aliyekwenda kumzika rafiki yake wa kazi huko bara, akasimama pembeni kwa adabu wakati nyimbo hizo zikipigwa, alijua wenyeji wanasema nini.

Kuhusu ule ubishi wa baraza, maisha ya Jim Reeves hayaupi ushindi upande wowote. Hakuacha za dunia, kwa hiyo wasemao aliongoka hawana ushahidi. Aliziimba za dini mapema, wakati za mapenzi zikimlipa vizuri, kwa hiyo wasemao alitafuta soko nao hawana. Alikwenda kuimba mahali ambapo mtu wa haki angesita, na doa hilo limebaki. Nia ya mja aijuaye ni Mola peke yake. Tulilonalo sisi ni sauti tu, na sauti hiyo, kwa zaidi ya miaka 60 tangu mwenyewe azikwe Texas, imekuwa ikiwaliwaza wafiwa katika nchi ya mahindi ambayo hakupata kuikanyaga.